Kutoka Mwanza hadi Ziwa Natron: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza kwenye nyika kame na maji ya Ngare Sero

Kila likizo ya Juni inapokaribia, maswali huwa yaleyale. Gari dogo linafika? Tunaweza kuogelea? Maji ya kunywa tutanunua hukohuko? Samaki wapo? Wanaouliza ni watu wa Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe, waliokulia kando ya ziwa, na ndiyo maana wengi wanakosea mahali pamoja: wanaipanga Natron kama wanavyopanga Jumapili ya ufukweni. Kule hakuna mtumbwi, hakuna upepo wa kukupoza mchana, na maji ya ziwa hayanyweki. Kinachowafanya watu na mifugo waishi pale ni maji yanayoshuka kwenye korongo la Ngare Sero pamoja na chemchemi zilizo pembezoni. Safari yako yote, kuanzia saa ya kuamka hadi mahali pa kulala, ipange kwa kufuata maji hayo. Picha zitafuata zenyewe.

Maelezo machache kwanza, kisha kazi. Ziwa Natron liko mkoa wa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ni pori tengefu, na tangu 2001 bonde lake limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Natron liko mita 600 hivi. Kwa hiyo unashuka kwenye joto, na nyuzi 40 si habari ya kushangaza huko. Ziwa letu linatoa maji yake kwa Mto Nile pale Jinja. Natron halina pa kutolea: maji yanaingia, jua linayakausha, magadi yanabaki. Kina chake hakifiki hata mita 3.

Vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Siku tano kamili. Mbili za barabara ya lami, mbili za vumbi, moja ya kukaa. Ukikata siku ya kukaa, umekwenda kuona vumbi tu.
- Madumu ya lita 20 yaliyo safi, yasiyowahi kubeba mafuta. Hesabu lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa kila siku. Watu wanne kwa siku tatu za nyikani ni lita 60, yaani madumu matatu. Ongeza la nne kwa ajili ya kunawa na dharura.
- Pakiti za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) kutoka duka la dawa, dawa zako za kila siku, dawa ya malaria kwa ushauri wa daktari, bandeji na mafuta ya kuzuia jua.
- Kofia pana, shati la mikono mirefu, miwani ya jua, kitenge au shuka.
- Raba za zamani zinazofunga vizuri mguuni. Yeboyebo na kandambili ni za kambini tu.
- Tochi na pawabenki. Usitegemee umeme wala mtandao wa simu.
- Fedha taslimu, noti ndogondogo nyingi.
- Chakula kisichoharibika. Hapa watu wa Usukumani tuna bahati: michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, havihitaji friji, vinashibisha, na matobolwa unatafuna na karanga hukohuko garini. Dagaa wa soko la Mwaloni waliokaangwa wachukue kidogo tu, maana chumvi yake itakumalizia maji.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Machi hadi Mei usiende kabisa. Makorongo yanayokatiza barabara baada ya kijiji cha Engaruka hujaa ghafla, na hakuna daraja la kukuokoa. Kuhusu flamingo, hakuna mwezi ambao mtu mkweli atakuahidi kundi kubwa. Natron ndipo mahali pao pakuu pa kuzaliana Afrika Mashariki, lakini huhamahama kati ya maziwa ya magadi kufuata chakula na kina cha maji.

2. Chagua njia. Ziko mbili, na kwa safari ya kwanza nakushauri ya lami.

Njia ya lami: basi la Mwanza kwenda Arusha kupitia Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Katesh na Babati. Mabasi ya upande huu yanaondokea Nyegezi, si Nyamhongolo. Unashuka njia panda ya Makuyuni, kisha unachukua gari la kwenda Mto wa Mbu, kilomita kama 37.

Njia ya hifadhini: gari lenu wenyewe kupitia Magu, Lamadi, lango la Ndabaka, Seronera, Lobo, lango la Klein's, Ololosokwan, Waso, Sale, halafu mnateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi kijiji cha Ngare Sero. Kwenye ramani inaonekana fupi. Lakini mtalipa viingilio vya Serengeti, na malipo ya lango ni kwa kadi au kontrol namba, si taslimu. Hamtaruhusiwa kuendesha hifadhini usiku, kwa hiyo mkichelewa Ndabaka mpango wote umevunjika. Vaeni nguo za rangi ya kaki au kijivu, kwa sababu mbung'o wa ukanda wa magharibi hufuata bluu na nyeusi. Waliokwenda Samunge 2011 kunywa kikombe cha Babu, yaani dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile, wanaukumbuka upande huo na vumbi lake. Ni njia nzuri sana kwa dereva aliyeizoea. Kwa mgeni ni mzigo.

3. Tafuta gari na kiongozi kabla hujapanda basi. Kati ya Mto wa Mbu na Ngare Sero hakuna usafiri wa umma wa kutegemea kwa ratiba. Yapo magari ya kubahatisha, nayo yanaweza kukuacha siku nzima njiani. Kodini gari la juu linalovuta magurudumu manne, mkigawana watu wanne au watano. Muulize dereva maswali matatu: lini mara ya mwisho umefika Ngare Sero? Una matairi mangapi ya akiba? Mafuta ya kwenda na kurudi yamo kwenye bei? Akisita kwenye la kwanza, tafuta mwingine. Matairi ya akiba yawe mawili, kwa sababu mawe ya volkano ya njia ile hayana huruma.

Na hilo gari dogo linaloulizwa kila mara: hapana. Hata kama kuna mtu alifika nalo wakati wa kiangazi.

4. Siku ya kwanza: basi. Panda la alfajiri. Safari inakula siku nzima, na utafika Makuyuni jioni au usiku. Mwambie kondakta mapema, na umkumbushe mkitoka Babati, maana ukilala utaamkia Arusha mjini. Lala Mto wa Mbu. Nyumba za kulala wageni zipo za kila mfuko.

5. Asubuhi, maliza kila kitu Mto wa Mbu. Hapa ndipo mwisho wa kutoa fedha bila wasiwasi, kujaza mafuta, kununua mkaa na mboga. Ndizi nyekundu za pale zinasifiwa, nunua. Jaza madumu hapa, na uyafunge ndani ya gari yasigongane. Kosa ninaloliona kwa karibu kila kikundi ni kubeba maji ya chupa ndogo peke yake. Katoni mbili zinaonekana nyingi zikiwa dukani, zinaisha kabla ya saa nane mchana wa siku ya pili, na mnabaki na lundo la chupa tupu ambazo mnapaswa kurudi nazo.

6. Ondoka kabla ya saa mbili asubuhi. Ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe na mchanga, kupitia Selela na Engaruka. Hesabu saa nne, tano ukipata pancha. Njiani kuna vizuizi vya ushuru wa halmashauri na wa kijiji. Weka noti ndogo karibu, dai risiti kila mahali, na uzihifadhi kwa mpangilio kwa sababu mtaulizwa wakati wa kutoka. Bei hubadilika, na raia hulipa tofauti na mgeni wa nje, kwa hiyo kila mtu awe na kitambulisho cha NIDA mkononi na si chini ya mizigo.

Ukipata nafasi, simama Engaruka nusu saa. Kuna magofu ya kijiji cha kale na mifereji ya mawe iliyomwagilia mashamba kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Walioishi pale walikuwa na jua hilihili na ukame huuhuu, wakailisha jamii nzima kwa vijito vinavyotoka milimani. Mimi naona ni sehemu ambayo kila mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa angefaa kuletwa.

7. Ukifika, tulia. Salimia wenyeji kabla ya kutoa simu. Kiswahili kinatosha, na shikamoo kwa mzee inapokelewa vizuri. Watoto wa Kimasai wakikuinamishia kichwa, wanakusalimu: waguse utosini kwa kiganja. Usipige picha ya mtu bila ruhusa yake, hata akiwa mbali.

Fikia kambi yenye kivuli na maji. Kama mna mahema yenu, msiyasimike ndani ya korongo kavu hata mchanga wake uwe laini namna gani. Mvua ikinyesha milimani usiku, maji hupita hapo.

Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri usitembee. Kunywa, kula kidogo, lala. Vijana huona muda huu unapotea, wakaenda ziwani saa saba mchana. Ndio hao wanaorudi wameshikwa mkono.

8. Korongo la Ngare Sero. Nenda saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya tatu. Hili ndilo jambo lililokuleta, kwa hiyo lipe muda.

Maji yanatoka juu nyandani, yanapita katikati ya kuta za mwamba na kuangukia mabwawa madogo. Unatembea kama saa moja kupanda, mara pembeni, mara ndani ya maji hadi magotini au zaidi. Nenda na kiongozi wa kijiji. Anajua jiwe gani linateleza, na ada yake ni kipato halali cha pale. Usiige katambuga zake. Yeye amezizoea tangu utotoni. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mkono mmoja uwe huru muda wote.

Hatari kubwa hapa ni maji ya ghafla. Huku chini jua linaweza kuwaka wakati juu kwenye nyanda za Ngorongoro mvua imeshapiga. Maji yakianza kuwa ya kahawia, yakibeba majani na vijiti, au ukisikia mngurumo usioujua, usisubiri kumaliza picha. Panda pembeni, juu ya alama za mafuriko ya zamani ukutani, ukae hapo mpaka kiongozi aseme. Wingu zito likiwa milimani asubuhi, ahirisha.

Kisha adabu ya maji. Kijiji kizima, ng'ombe, mbuzi na punda wanategemea kijito hiki, na chini yako kuna mama anachota ya kupikia. Kwa hiyo:

Usioge kwa sabuni wala shampuu, hata ile iliyoandikwa kwamba haina madhara. Jichovye tu, inatosha. Haja ndogo na kubwa vifanyike mbali na maji, angalau hatua 80, na kinyesi kifukiwe. Nepi na taulo za kike rudi nazo kwenye mfuko mweusi hadi mjini. Mifugo ikija, pisha. Imetembea tangu alfajiri, wewe utaogelea baadaye. Usichote juu ya mahali wanapochota wao bila kuuliza.

Kuhusu kunywa: usinywe bila kuchemsha, hata kama yanang'aa. Na ujue mpaka wa kuchemsha. Moto unaua vijidudu, hauondoi magadi wala floraidi, ambayo ni nyingi katika maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Umeiona kwenye meno ya kahawia ya watu wa mkoa wa Arusha. Mgeni wa siku mbili haimharibu meno, lakini maji yenye magadi yanaendesha tumbo haraka. Kunywa ya dumu lako, ya kijito yawe ya kujipoza.

9. Ziwani, saa kumi jioni. Gari lisimame pale kiongozi anaposema, kwenye ardhi ngumu. Anza kutembea nyuma yake kwa mstari mmoja. Tabaka la magadi juu linaonekana kama sakafu, chini yake kuna tope jeusi lenye chumvi kali. Ukitumbukia, mguu unatoka na michubuko, na magadi kwenye mchubuko yanauma hasa.

Kuogelea: hapana. Maji yanachoma macho na ngozi yenye kidonda. Ukigusa, nawa kwa maji ya dumu kabla ya kushika uso.

Flamingo watazame kutoka mbali. Wakianza kuinua shingo na kutembea wote upande mmoja, umeshasogea kupita kiasi, rudi nyuma. Wanakula viumbehai vidogo vya kijani vinavyoota kwenye maji ya magadi, lakini kunywa na kuoga wanakuja kwenye midomo ya vijito na chemchemi. Ukisimama hapo, umewafungia kisima. Droni usirushe. Mbali na vibali, kundi likiruka kwa hofu wakati wa kuzaa, mayai yanaachwa.

Sasa lile swali la samaki. Wapo. Pembezoni, ambako chemchemi za maji ya moto huingia ziwani, wanaishi samaki wadogo wa jamii ya perege, ndugu wa mbali wa sato wetu, kwenye joto ambalo sato angekufa. Kwa asili hawapatikani kwingine ila Natron na jirani yake Ziwa Magadi la Kenya. Si wa kuvua. Chuchumaa, zima kelele, watakuja wenyewe mpaka karibu na kivuli chako. Usitie kidole kwenye chemchemi bila kuuliza; nyingine zinaunguza.

Karibu na ziwa kuna nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Wanasayansi wanakadiria umri wake kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Usikanyage ndani ya eneo lake wala kumwagia maji nyayo ili picha itoke vizuri.

10. Siku ya nne, rudi mapema. Kiti cha basi la Arusha kwenda Mwanza kiwekewe nafasi siku mbili kabla, kwa sababu likifika Makuyuni huwa limejaa. Mwambie wakala utapandia Makuyuni na upate namba ya kondakta.

Na Mlima Lengai? Wote huuliza. Una mita 2,962, hupandwa kuanzia saa tano au sita usiku ili kukwepa jua, njia yake ni ya majivu yanayoporomoka, na ni volkano hai. 2007 ulirusha majivu mengi angani. Safari ya kwanza utazame kutoka chini. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, na kutoka kambini unatosha kabisa.

Mambo yakienda kombo

*Mtu anaumwa kichwa, kizunguzungu, miguu inakaza.* Kivulini mara moja. Mlegeze nguo, mfunike shuka lililoloweshwa, mpe ORS kwa mafunda madogo. Akianza kuongea asiyoyaelewa, au ngozi ikawa moto na hatoi jasho, hiyo ni hatari ya maisha: endeleeni kumpoza mkiwa mnampeleka kituo cha afya. Ndiyo maana siku ya kufika lazima uulize kituo kiko wapi na gari gani litaondoka usiku likihitajika.

*Magadi yameingia jichoni.* Usisugue. Mimina maji safi mfululizo kwa dakika 15, ukiwa umemshikia kope. Kisha apelekwe akaangaliwe, hata akisema amepata nafuu.

*Tumbo linaendesha.* ORS, na acheni maji ya kijito hata yaliyochemshwa. Kukiwa na damu au homa, kituo cha afya.

*Gari limenasa kwenye tope la magadi.* Dereva aache kukanyaga mafuta, kila mzunguko unazamisha. Shusheni watu na mizigo, punguzeni upepo wa matairi, chimbeni mbele ya magurudumu, tandikeni mawe au matawi makavu. Msikate mti ulio hai. Michache iliyopo ndiyo kivuli cha watu na ng'ombe.

*Maji yamepungua kabla ya siku.* Msigawane kwa kubania hadi mtu aanguke. Fupisheni safari, ondokeni jioni hiyo au alfajiri.

*Mtu anadai fedha bila risiti.* Usigombane. Mwite kiongozi wako azungumze, na mwombe akupeleke ofisi ya kijiji mkalipe hapo.

*Flamingo hawapo.* Hutokea. Ongeza asubuhi nyingine korongoni badala ya kumlazimisha dereva azunguke ziwa kuwatafuta.

*Umerudi na gari lako mwenyewe limejaa vumbi jeupe.* Lioshwe chini kwa maji mengi siku hiyohiyo, hasa breki na chasisi, kwa sababu magadi yanakula chuma. Raba zako nazo zioshwe kabla hazijakauka, la sivyo gundi ya soli inaachia.